John Snow, mtu aliyepima usingizi wa mgonjwa

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu yangu Mwislamu, hapa Goma wapo wenye ngiri wanaovumilia miaka mingi, mpaka siku utumbo unapokwama. Ukiwauliza, si kisu wanachokiogopa. Wanaogopa dawa ya usingizi: nikilala, je, nitaamka? Ijumaa hii nakuletea maisha ya mtu aliyelishughulikia swali hilo kwa miaka 11. Hakuwa Mwislamu, lakini elimu yenye manufaa tunaipokea popote ilipo.

John Snow alizaliwa York, Uingereza, mwaka 1813, katika nyumba ya mfanyakazi maskini. Akiwa na miaka 14 alipelekwa Newcastle kujifunza udaktari kwa daktari mmoja. Tangu ujana wake aliupinga ulevi (na hilo tumhesabie).

Mwisho wa mwaka 1846 dawa ya etha ilifika London kutoka Marekani. Kabla yake mgonjwa alishikwa na wanaume wenye nguvu, akakatwa huku anaona. Lakini etha nayo ilileta shida: huyu alivuta pumzi asilale, yule alilala kupita kiasi. Madaktari walilaumu miili ya wagonjwa. Snow alikilaumu chombo. Aliona kwamba mvuke wa etha hufuata joto: chumba kikiwa cha moto huzidi, chupa ikipoa hupungua. Mwaka 1847 akatengeneza chombo cha bati kinachokaa ndani ya maji ya joto maalumu, ili kila pumzi ilete kiasi kinachojulikana. Akagawa usingizi katika hatua tano, daktari ajue mgonjwa amefika wapi, aache mapema. Maana aliyepewa kwa kipimo huamka upesi. Aliyezidishiwa hukawia, na pengine pumzi humkatikia.

Mwezi wa Januari 1848, karibu na Newcastle, msichana wa miaka 15 alivutishwa klorofomu kwa kitambaa ili atolewe ukucha wa kidole cha mguu. Ukucha tu! Akafa katika dakika chache. Snow alieleza kwamba kitambaa hakipimi kitu, mvuke wake huja mkali kwa ghafla. Yeye alitumia kifuniko cha uso chenye mlango mdogo wa kuingizia hewa safi, na alitoa klorofomu zaidi ya mara 4000. Mwaka 1853 na 1857 alimpunguzia uchungu wa kuzaa Malkia Victoria. Kwake alitumia kitambaa, ndiyo, lakini kidogo kidogo, kwani hakutaka alale kabisa.

Sisi tuliouona mwaka 1994, kipindupindu kilipoua maelfu ya wakimbizi hapa kwetu, tunamdai shukrani nyingine. Ni yeye aliyeonyesha London, mwaka 1854, kwamba ugonjwa huo huja kwa maji machafu.

Hakuoa. Alipooza mwezi wa Juni 1858 akiwa anaandika kitabu chake juu ya klorofomu, akafa siku chache baadaye, na miaka 45.

Karibu miaka 100 baadaye, wataalamu wa Oxford walitengeneza chombo cha etha kiitwacho EMO, nacho kikitumia maji kutuliza joto. Hakikuhitaji umeme wala chupa za gesi, na kililaza na kuamsha wagonjwa katika hospitali nyingi za Afrika.

Wabillahi tawfiq.