Hassan Fathy: Mjenzi Aliyeitegea Ardhi Sikio

Siku hizi yeyote ajengaye mahali pa utulivu, ikiwa ni madrasa ya shambani, nyumba ya mapumziko, au ukumbi wa yoga, yale mazoezi ya viungo na pumzi yaliyotoka Bara Hindi, hupenda kusema kwamba jengo lake litapatana na mchanga, miti na upepo wa pale. Kusema ni rahisi, kutenda ndiko kuzito. Miongoni mwa waliotenda, na kutenda kwenyewe kukawagharimu, ni Mmisri mmoja, marehemu Hassan Fathy, ambaye habari zake zatufaa sana sisi watu wa mwambao.

Alizaliwa Iskandaria tarehe 23 Machi, 1900, katika nyumba ya watu wenye nafasi. Baba yake alimiliki mashamba lakini hakupenda kuishi huko. Mama yake ndiye aliyewahadithia watoto habari za shamba kwa mapenzi, hata kijana akakua akilitamani shamba bila ya kulijua. Mwaka 1926 alihitimu usanifu wa majengo mjini Cairo, na baada ya hapo ndipo alipokwenda kulitazama shamba la kwao kwa mara ya kwanza. Alichokiona kilimhuzunisha: vibanda vya giza, uchafu, na wakulima waliodhoofika. Tangu siku hiyo swali lake likawa moja tu, nalo ni vipi mtu asiye na pesa atapata nyumba njema.

Nusu ya jibu ilikuwa chini ya miguu yake. Udongo wa mto Nile, ukichanganywa na majani makavu na kuanikwa juani, hutoa matofali ambayo kila mkulima anajua kuyafanya. Shida ilikuwa paa. Misri haina misitu, na Vita Vikuu vya Pili vilipozuka mbao na chuma vikawa adimu. Fathy akajaribu kuezeka kwa matofali yale yale, akayapinda mfano wa tao, yakaporomoka. Ndipo nduguye aliyekuwa akifanya kazi Aswan alipompa habari kwamba Wanubi wa huko huezeka nyumba na misikiti yao kwa udongo, wala hawatumii mbao.

Mwaka 1941 akafunga safari kwenda kujionea. Waashi wa Kinubi walipandisha ukuta wa mwisho wa chumba, wakachora upinde juu yake kwa tope, kisha wakaegemeza matofali mepesi juu ya upinde ule, safu ikiilalia safu, mpaka chumba kizima kikafunikwa. Hapakuwa na ramani wala mbao za kutegemeza. Kila tofali lilikwaruzwa kwa vidole kabla halijakauka, ili liume katika tope lisiteleze. Na ufundi huu si wa jana. Maghala ya hekalu la Ramesseum, karibu na Luxor, yaliezekwa hivyo zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, na mengine yangali yamesimama. Msomi wa chuo kikuu akatambua kwamba elimu aliyoitafuta ilikuwa mikononi mwa watu ambao hapana mwalimu wake aliyepata kuwataja.

Mwaka 1945 serikali ikampa kazi kubwa. Watu wapatao 7,000 wa Gourna, ng'ambo ya pili ya Luxor, waliishi juu ya makaburi ya kale, na baadhi yao walijipatia riziki kwa kuyachimba na kuuza vilivyomo. Idara ya Mambo ya Kale ikaamua kuwahamisha, na Fathy akatakiwa kuwajengea kijiji kipya. Akaleta waashi kutoka Aswan, akajenga msikiti, soko, shule, ukumbi wa michezo na nyumba zenye ua ndani. Alikataa kuzipanga nyumba kama makasha. Alitaka kila nyumba ifuate jamaa watakaoikaa, na kuta nene zizuie joto la mchana. Juu ya dari aliweka minara ya kunasa upepo wa kaskazini na kuushusha vyumbani. Sisi tuliokulia katika nyumba za mawe zenye kuta nene na behewa katikati hatuhitaji kufafanuliwa faida ya mambo hayo.

Lakini wenyewe hawakutaka kuhama. Waliona kwamba wakiondoka juu ya makaburi wataondoka katika riziki yao. Wengine hawakuzipenda zile kuba, maana kwao kuba ilikuwa alama ya ziara ya walii, na nani atakaye kulala kaburini angali hai? Boma la kuzuia maji ya mto likatobolewa makusudi ili kijiji kigharikishwe. Maofisa nao wakamchelewesha kwa makaratasi na fedha. Baada ya misimu mitatu kazi ikasimama, na sehemu kubwa ya kijiji haikujengwa.

Fathy aliondoka Misri mwaka 1957, akafanya kazi Athens kwa miaka kadhaa, kisha akarudi. Katika miaka ya 1960 alianza kijiji kingine, Baris, katika oasisi ya Kharga, mahali pa joto kali mno. Soko lake alilitilia minara ya upepo na vyumba vya chini ya ardhi, ili mboga zisioze pasipo barafu wala umeme. Vita vya 1967 vikaikatiza kazi hiyo nayo.

Mtu mwingine angalikata tamaa. Yeye akaiandika habari ya Gourna katika kitabu kilichotoka Cairo mwaka 1969, na kikachapishwa tena Chicago mwaka 1973. Hapo ulimwengu ukamjua. Mwaka 1980 alipewa tuzo na Aga Khan, na mwaka huo huo Waislamu wa Abiquiú, New Mexico, Marekani, wakamwita awajengee msikiti na madrasa karibu na majabali meupe ya jangwa. Akaenda na waashi wa Kinubi, naye ana umri wa miaka 80. Mahali hapo, paitwapo Dar al-Islam, pangali pakitumika kwa mafunzo na utulivu.

Alifariki Cairo tarehe 30 Novemba, 1989. Nyumba nyingi za Gourna yake zimebomoka, ingawa msikiti umesalia na baadhi ya majengo ya umma yamekarabatiwa. Wale wa juu ya makaburi walihamishwa baadaye, kuanzia mwaka 2006, na nyumba zao zikavunjwa kwa matingatinga.

Mwacha asili ni mtumwa, na Fathy hakuiacha asili ya nchi yake. Lakini Gourna yatufunza pia kwamba haitoshi jengo kupatana na jua, udongo na upepo. Ajengaye ukumbi wa yoga ufukweni au madrasa mlimani, baada ya kuiuliza ardhi, na awaulize pia majirani wanaoishi juu yake.