Karamojo Bell, mwindaji aliyesimama mbele ya tembo na risasi ndogo

Mkaaji wa Munigi hahitaji kufundishwa milio ya bunduki. Vita vya miaka mingi kwenye barabara ya Goma kwenda Rutshuru vimefunza masikio ya watu wa Munigi, Kanyaruchinya na Kibumba: huu ni mlio wa silaha nzito, ule ni wa bunduki ya kawaida ya askari. Na wengi wanajua pia kwamba katika Hifadhi ya Virunga, inayoanzia kwenye miteremko ya Nyiragongo juu ya vijiji vyao, bunduki hiyo ya kawaida imeua tembo wengi, ingawa haikutengenezwa kwa ajili ya nyama wa pori.

Miaka mia moja na zaidi iliyopita, wawindaji wengi wa Kizungu wangecheka kusikia hivyo. Kwao tembo alihitaji bunduki ya mitutu miwili, yenye uzito wa kilo sita au zaidi, inayotupa kipande cha risasi kizito kama yai dogo la kuku. Mtu aliyewaonyesha kwamba si lazima iwe hivyo alikuwa Mscotland mmoja mwembamba na mkimya, Walter Dalrymple Maitland Bell, ambaye dunia ya wawindaji inamwita Karamojo Bell. Katika maisha yake aliua tembo 1,011. Zaidi ya 800 kati yao aliwaangusha kwa risasi ya milimita 7, kalibri ambayo wengine waliiona inafaa kwa swala tu.

Bell alizaliwa tarehe 8 Septemba 1880 karibu na Edinburgh, katika familia yenye mali na watoto wengi. Mama yake alikufa akiwa bado mdogo sana, na baba akafuata miaka michache baadaye. Kaka zake wakubwa walimlea, au walijaribu. Shule haikumshika. Akiwa na miaka 13 alikwisha kuingia kazi ya meli, na kichwani mwake kulikuwa na neno moja tu: Afrika.

Alifika pwani ya Afrika Mashariki akiwa na miaka 16, wakati reli ya Uganda ilipokuwa ikijengwa kutoka Mombasa na simba walikuwa wakisumbua wafanyakazi. Alipata kazi ya kuwapiga simba hao. Bunduki yake ilikuwa ya risasi moja moja, kalibri .303, iliyotengenezwa na Fraser wa Edinburgh. Hapo alipata somo lake la kwanza, na lilikuwa somo la hatari. Kwenye joto kali ganda la risasi lilikuwa linavimba na kukwama ndani ya mtutu baada ya kupiga. Kijana akawa amesimama porini na bunduki ambayo haiwezi kujazwa tena, na simba hajulikani yuko wapi. Tangu siku hizo, kila alipochagua risasi, Bell aliuliza kwanza kama italipuka na kama ganda lake litatoka. Ukubwa ulikuja nyuma.

Kabla ya kurudi kwa tembo alizunguka mbali. Dhahabu ya Klondike, kaskazini mwa Kanada, ilimvuta kama ilivyovuta maelfu ya wengine, lakini badala ya kuchimba akawa mwindaji wa kulisha wachimbaji wa mji wa Dawson. Mshirika wake alikuwa akipeleka nyama mjini kuiuza, na siku moja akatoweka na pesa zote. Bell alibaki na bunduki tu, akaiuza pia. Ili kuondoka huko alijiandikisha katika jeshi la wapanda farasi wa Kanada waliokuwa wakipelekwa Afrika Kusini kupigana na Makaburu. Huko farasi wake alipigwa risasi chini yake, akashikwa mateka, akatoroka.

Kuna jambo la kuchekesha hapa. Makaburu waliowatesa sana Waingereza katika vita ile ya 1899 hadi 1902 walikuwa na bunduki za Kijerumani aina ya Mauser, zenye risasi ya milimita 7 iliyobuniwa mwaka 1892. Risasi hiyohiyo, iliyokuwa ikipigwa upande wa Bell na wenzake, ndiyo baadaye iliyomtajirisha. Fundi Rigby wa London aliiuza kwa wawindaji kwa jina la .275.

Vita vilipoisha mwaka 1902, Bell alirudi Afrika Mashariki. Wakati huo Mumias, magharibi mwa Kenya ya leo, ilikuwa kituo cha misafara ya pembe za ndovu, na wafanyabiashara Waswahili walikuwa wakitoka huko kuelekea kaskazini, Karamoja. Nchi hiyo ya wafugaji, ambayo sasa ni kaskazini-mashariki mwa Uganda, ilikuwa bado nje ya mkono wa serikali ya Waingereza. Bell aliingia huko na wapagazi na punda, akakaa kwa vipindi virefu kwa karibu miaka mitano. Jina lake la Karamojo lilitokea huko. Na huko alimpata Pyjalé, Mkaramojong aliyemfuatia nyayo za tembo na kusimama naye karibu wakati wengine wamekwisha kupanda miti. Wanaosoma maisha ya Bell husahau mara nyingi kwamba bila macho ya Pyjalé, risasi ndogo wala kubwa isingekuwa na kazi.

Mwanzoni Bell alibeba aina zote mbili, nyepesi na ile nzito ya mitutu miwili, akazilinganisha kazini. Aliona kwamba tembo aliyepigwa tumboni kwa bunduki kubwa anakimbia na kwenda kufia mbali, sawa na aliyepigwa hapo kwa bunduki ndogo. Na tembo aliyepigwa kwenye ubongo anaanguka palepale, hata risasi ikiwa nyembamba kuliko kidole cha mwisho cha mkono. Basi shida ilikuwa kujua ubongo uko wapi. Kichwa cha tembo ni kikubwa kama pipa, lakini sehemu kubwa ni mfupa wenye matundu kama sega la nyuki, na ubongo wenyewe umejificha ndani, chini na nyuma. Bell aliagiza fuvu la tembo likatwe kwa msumeno katikati, kutoka juu hadi chini, akalichora na kulisoma kama mwanafunzi wa udaktari. Alijifunza kuupata ubongo kutoka pande zote, hata kwa mnyama anayeondoka huku amempa mgongo wa pembeni. Pigo hilo la mwisho bado linaitwa kwa jina lake.

Jambo la pili lilikuwa umbo la risasi yenyewe. Kichwa cha risasi ya milimita 7 aliyoipenda kilikuwa na gramu 11 na kidogo, kirefu, chenye ncha ya mviringo, kimevikwa gamba gumu ili kisipasuke kinapogonga mfupa. Risasi nyembamba na ndefu, ikiwa imara, huenda moja kwa moja na kuingia ndani sana. Risasi yenye ncha laini, inayofunguka kama ua ndani ya nyama, ni nzuri kwa swala, lakini kwenye fuvu la tembo ingesambaratika kabla ya kufika. Kwa hiyo wanaosema Bell aliua tembo kwa risasi ya swala wanakosea kidogo. Ganda lilikuwa lilelile, ila kichwa kilichofungwa mbele ya baruti kilikuwa cha aina nyingine kabisa.

Halafu kuna bega. Bunduki kubwa za wakati ule ziliwapiga wenyewe teke kali hadi wengine wakafumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio. Bunduki ya Bell ilikuwa nyepesi, haikuumiza, haikupiga kelele nyingi, na ilikuwa na risasi kadhaa ndani. Aliibeba mwenyewe siku nzima bila kumwachia mpagazi, maana tembo anaweza kutokea wakati mpagazi yuko nyuma. Alikuwa akipiga hesabu za kila kitu: kwa kila tembo dume alitembea kwa wastani karibu kilometa 117, na mwaka mmoja alimaliza jozi 24 za viatu.

Alijaribu pia nyingine. Ile ya milimita 6.5 ya Mannlicher aliipenda sana kwa wepesi wake, lakini risasi zilizotoka viwandani zilimsumbua, akaiacha. Ya .318 nayo ilikosa kulipuka mara nyingine, na kwa mtu aliyesimama hatua ishirini na tano mbele ya tembo hilo halina msamaha. Ili kumaliza sanduku la risasi zake zilizobaki, alikaa kando ya ziwa akipiga ndege wanaoruka. Waliomtazama walifikiri ana bunduki ya marisau. Hadithi hiyo inaeleza kitu ambacho wafuasi wake wengi walikisahau: Bell alikuwa na jicho na mkono ambao watu wachache sana wanao. Wengine waliomwiga kwa kununua kalibri yake tu, bila fuvu lililokatwa na bila mkono ule, walijeruhi tembo, na baadhi yao hawakurudi.

Karamoja ilipoanza kuishiwa na pembe kubwa, alihamia upande ambao msomaji wa Kongo anaujua zaidi. Lado, eneo lililoanzia karibu na Mahagi kwenye ziwa Albert na kupanda kaskazini kando ya Nile, lilikuwa mikononi mwa Léopold II wa Ubelgiji kwa mkataba wa mwaka 1894, na lilipaswa kurudi kwa Sudan miezi sita baada ya kifo chake. Mfalme alikufa Desemba 1909. Katika miaka hiyo ya mwisho Lado ikawa kama soko lisilo na mwenyewe. Wawindaji na majambazi wa kila taifa walivuka Nile kutafuta pembe. Bell naye alijaza pembe zake huko. Tembo wa Lado hawakupona vizuri tena.

Vita vya 1914 vilimkuta akiwa tajiri. Alijifunza kuendesha ndege na akatumwa tena Afrika Mashariki, kupigana na Wajerumani katika nchi ambayo sasa ni Tanzania. Inasemekana mwanzoni alipenda kuruka peke yake, bila mwenzake wa kuangalia, ili apate nafasi ya kupiga kwa bunduki yake ya uwindaji kutoka angani. Baadaye alipigana pia Ugiriki na Ufaransa, akapewa nishani ya Military Cross. Baada ya vita aliwinda kwa mitumbwi Afrika Magharibi na upande wa mto Bahr Aouk, mpakani mwa Chad ya leo, kisha akaweka silaha za tembo chini. Mwaka 1923 alichapisha kitabu cha safari zake, chenye michoro aliyoichora mwenyewe.

Maisha yake ya mwisho yalikuwa Scotland, katika shamba la milimani liitwalo Corriemoillie, pamoja na mke wake Katie. Walitengeneza mashua ya chuma ya mashindano. Na Bell aliendelea kuwinda, sasa kulungu wakubwa wenye pembe za matawi. Hata kwao alirudi kwenye jambo lake la zamani: safari hii alichukua .220 Swift, risasi ya Kimarekani ya mwaka 1935, yenye kipenyo cha milimita 5.7 na kichwa cha gramu 3 hivi, iendayo zaidi ya mita 1,200 kwa sekunde. Aliisifu sana. Wenye sheria wa Scotland hawakukubaliana naye. Kanuni ya mwaka 1985 ilitaka kichwa kisichopungua gramu 6.5 kwa kulungu wa aina hiyo, na ingawa kiwango kimeshushwa kidogo hivi karibuni, ile ya Bell bado iko chini. Walioandika kanuni hiyo walimfikiria mwindaji wa kawaida, anayetetemeka kidogo na kukosea kidogo, na mnyama anayekimbia na kidonda kwa siku tatu.

Bell alikufa kwa moyo tarehe 30 Juni 1954, akiwa na miaka 73.

Wakati huo hifadhi iliyo juu ya Munigi, iliyoundwa mwaka 1925 kwa jina la mfalme Albert, ilikuwa bado na tembo kwa maelfu. Kilichokuja baadaye kilikuwa bunduki ya kivita ya milimita 7.62, karibu kipenyo kilekile cha Bell, ila na kichwa chepesi cha gramu 8. Aliyeishika hakuwa amekata fuvu lolote. Hakuhitaji kulenga: alikuwa na risasi thelathini ndani ya magazini moja, alipiga kundi zima, waliojeruhiwa wakaenda kufia msituni na pembe zao. Ndani ya miongo michache tembo wa Virunga walibaki mamia machache, wengi wakakimbilia ng'ambo, Uganda.

Katikati ya mwaka 2020, baada ya ulinzi kuimarishwa kwenye uwanda wa Ishasha, kundi la tembo karibu 580 lilivuka kutoka hifadhi ya Queen Elizabeth na kuingia tena Virunga. Walinzi waliowahesabu kutoka kwenye ndege walisema vichaka vilivyokuwa vimefunga uwanda vilianza kufunguka walikopita, na nyati na swala wakawafuata nyuma.