Jean Perrin: mtu aliyehesabu punje ndani ya tone la maji na kumaliza ubishi kuhusu atomu

Leo mwanafunzi wa sekondari anaandika neno atomu katika daftari lake bila kujiuliza mengi. Lakini mwanzoni mwa karne ya 20, wanasayansi wakubwa wa Ulaya walikuwa bado wanabishana kama kweli atomu zipo. Mmoja wa watu waliofanya kazi kubwa zaidi kumaliza ubishi huo ni Mfaransa Jean Perrin. Silaha zake zilikuwa hadubini, rangi ya manjano ya wachoraji, na uvumilivu wa kuhesabu punje moja baada ya nyingine.

Perrin alizaliwa mjini Lille, kaskazini mwa Ufaransa, tarehe 30 Septemba 1870, wakati nchi yake ikiwa vitani na Prussia. Baba yake, afisa wa jeshi, alijeruhiwa katika vita hivyo na majeraha hayo ndiyo yaliyomfikisha kaburini. Mama mjane akamlea pamoja na dada zake, na mali haikuwa nyingi. Hata hivyo kijana alifaulu kuingia École normale supérieure ya Paris, shule ambayo mlango wake ni mwembamba hata kwa watoto wa matajiri.

Jina lake lilianza kusikika mwaka wa 1895, akiwa na umri wa miaka 25. Alionyesha kwamba miali inayotokea ndani ya chupa ya kioo iliyoondolewa hewa, umeme ukipitishwa humo, inabeba chaji hasi. Wajerumani wengi wakati huo waliiona miali hiyo kama mawimbi tu. Miaka miwili baadaye Mwingereza J. J. Thomson alifuata njia hiyohiyo hadi kuitambua elektroni.

Lakini swali lililomshika Perrin kwa miaka mingi lilikuwa lile la atomu. Mkemia Mjerumani Wilhelm Ostwald na Ernst Mach wa Austria walisema atomu ni wazo la kurahisisha hesabu, maana hakuna mtu aliyewahi kuiona. Upande wa pili alikuwa Ludwig Boltzmann wa Vienna, aliyezitetea atomu kwa miaka mingi. Boltzmann alijiua mwaka wa 1906, kabla ya kuona mwisho wa ubishi.

Perrin aliutafuta ushahidi katika jambo ambalo kila mtu anayechota maji ya mto analifahamu. Ukiacha ndoo ya maji machafu itulie, mchanga unatuama chini mara moja. Udongo mwembamba unachukua saa nyingi. Na zile chembe ndogo kabisa zinabaki zinaelea, maji yanakuwa na ukungu siku nzima na hata zaidi. Chembe hizo ni nzito kuliko maji. Kwa nini basi hazimaliziki chini?

Mwaka wa 1905 Albert Einstein alitoa jibu kwa hesabu. Kama maji yametengenezwa na molekuli zisizotulia, basi molekuli hizo zinaigonga chembe kutoka kila upande bila kukoma. Jiwe halisikii kitu. Chembe ndogo sana inasukumwa huku na huku, hata juu, wakati uzito wake unaivuta chini. Hesabu ilikuwa nzuri, lakini vipimo vilikosekana. Na Victor Henri alipopiga picha za sinema za chembe hizo huko Paris mwaka wa 1908, matokeo yake hayakulingana na hesabu, hata watu wakaanza kufikiri Einstein amekosea.

Perrin, aliyekuwa akifundisha Sorbonne, alifikiria hivi. Hewa inapungua kadiri unavyopanda juu. Anayepanda mlima Nyiragongo anaijua habari hiyo kwa mapafu yake. Molekuli za hewa zina uzito, lakini msukosuko wao unazizuia zisianguke zote chini. Ikiwa Einstein ana haki, basi punje zilizo ndani ya maji lazima zijipange vilevile: nyingi chini, chache juu, kwa kanuni ileile. Tofauti ni kwamba punje zinaonekana, na kinachoonekana kinaweza kuhesabiwa.

Alichagua gome-guti, utomvu uliokaushwa wa mti wa Asia ya kusini-mashariki, ambao wachoraji waliutumia kama rangi ya manjano. Ukiyeyushwa katika alkoli kisha kumiminwa ndani ya maji, unageuka kuwa punje ndogo za mviringo. Shida ni kwamba punje hizo hazilingani ukubwa, na bila punje sawasawa hesabu yote haina maana. Perrin alizizungusha kwa kasi katika mashine, akatenga nzito na nyepesi, akarudia tena na tena. Alianza na kilo 1 ya gome-guti. Baada ya miezi kadhaa alibaki na sehemu ndogo ya gramu aliyoweza kuitumia.

Hapo ndipo kuhesabu kulipoanza. Katika jaribio lake linalojulikana zaidi, kipenyo cha punje kilikuwa karibu mikroni 0.4, yaani zaidi ya punje 100 zikipangwa mstari ndipo zifikie unene wa unywele. Tone lilikuwa na kina cha sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwa kuwa jicho haliwezi kuhesabu kundi linalochezacheza, aliziba sehemu kubwa ya uwanja wa hadubini na kuacha tundu dogo la sindano, ili zionekane punje chache tu kwa mara moja. Alihesabu, akapumzisha jicho, akahesabu tena, hadi karibu punje 13,000 kwa jaribio hilo moja.

Matokeo yalikuwa wazi. Palipokuwa na punje 100 chini, mikroni 30 juu yake zilikuwa 47, mikroni 30 nyingine 23, halafu 12. Karibu nusu kila hatua. Oksijeni nayo inapungua kwa nusu, lakini kwa kupanda karibu kilomita 5. Ukilinganisha urefu huo na zile mikroni 30, unapata kwamba uzito wa punje ndani ya maji ni zaidi ya mara milioni 150 ya uzito wa molekuli ya oksijeni. Uzito wa punje Perrin aliujua. Kwa hiyo alikuwa amepima uzito wa molekuli ambayo hakuna jicho lililoiona.

Kutokana na hapo alikadiria idadi ya molekuli katika gramu 32 za oksijeni: karibu 7 ikifuatwa na sufuri 23. Leo tunajua ni 6 na kidogo, lakini kosa hilo si kubwa kwa mtu aliyefanya kazi kwa macho yake. Ni yeye aliyependekeza idadi hiyo iitwe kwa jina la Mwitalia Avogadro. Mwanafunzi wake Chaudesaigues akafuatilia mwendo wa punje zenyewe na kukuta Einstein hakukosea. Ostwald alikubali hadharani kwamba atomu zipo, jambo ambalo si kila mwanasayansi mwenye jina angelifanya. Mwaka wa 1926 Perrin alipewa tuzo ya Nobel ya fizikia, hasa kwa kazi hiyo ya namna punje zinavyotuama.

Baadaye aliingia katika siasa ya elimu. Mwaka wa 1936 alichukua nafasi ya Irène Joliot-Curie kama naibu waziri wa utafiti katika serikali ya Léon Blum. Mwaka uliofuata alifungua Palais de la Découverte mjini Paris, ili watu wa kawaida waone majaribio kwa macho yao. CNRS, kituo cha utafiti cha taifa, kilizaliwa Oktoba 1939 kwa juhudi zake, vita vikiwa vimeanza.

Wajerumani walipoivamia Ufaransa mwaka wa 1940, Perrin, mpinzani wa ufashisti tangu zamani, aliondoka kwa meli Massilia hadi Casablanca. Mwishowe alifika New York, alikokuwa mtoto wake Francis, naye mwanafizikia. Alikufa huko tarehe 17 Aprili 1942, akiwa na miaka 71, Paris ikiwa bado mikononi mwa Wajerumani.

Mwaka wa 1948 meli ya jeshi Jeanne d'Arc ilirudisha mwili wake nyumbani. Tarehe 17 Novemba mwaka huo aliwekwa katika Panthéon, siku moja na rafiki yake Paul Langevin. Pierre na Marie Curie, marafiki zake wa siku za ujana, waliletwa katika jengo hilohilo mwaka wa 1995.