Pamela Colman Smith

Pamela Colman Smith (London, 16 Februari 1878 – Bude, Cornwall, 18 Septemba 1951) alikuwa mchoraji, mwandishi na msimulizi wa hadithi nchini Uingereza, mtoto wa wazazi Wamarekani. Marafiki zake walimwita Pixie. Anajulikana hasa kwa kuchora picha za karata 78 za tarot zilizotolewa London mwezi Desemba 1909 na kampuni ya uchapishaji ya William Rider & Son.

Karata hizo zimechapishwa upya mara nyingi, kwa rangi mbalimbali na kwa saizi kuanzia ya kuingia mfukoni hadi ya kushikwa kwa mikono miwili. Kwa miaka mingi ziliuzwa kwa jina la Rider-Waite. Rider ni mchapishaji, na Waite ni mtu aliyeagiza kazi ifanyike. Jina la mwanamke aliyezichora halikuwemo.

Utoto na masomo

Smith alizaliwa Pimlico, mtaa wa London. Baba yake, Charles Edward Smith, alikuwa mfanyabiashara kutoka Brooklyn, na mama yake, Corinne Colman, alikuwa dada wa mchoraji wa mandhari Samuel Colman. Miaka ya kwanza ya utoto aliishi karibu na Manchester. Mwaka 1889 baba yake alipata kazi katika kampuni iliyokuwa ikipanua reli ya Jamaika, na familia ikahamia kisiwa hicho. Pamela alikuwa na miaka 11.

Huko Jamaika alisikia hadithi za Anansi, buibui mjanja anayewashinda wanyama wenye nguvu kuliko yeye. Hadithi hizo zilivuka bahari pamoja na watumwa kutoka Afrika ya Magharibi, hasa kutoka kwa Waakani wa Ghana ya leo. Msomaji aliyekua akisikia visa vya Sungura na Fisi atamtambua Anansi mara moja, maana hila zao ni za ukoo mmoja. Smith alizishika hadithi hizo pamoja na lafudhi yake, na baadaye zilimpatia riziki.

Mwaka 1893, akiwa na miaka 15, aliingia Pratt Institute huko Brooklyn kusomea sanaa. Mmoja wa walimu wake alikuwa Arthur Wesley Dow, aliyewafundisha wanafunzi kutazama picha za Kijapani na kupanga mchoro kwa mstari ulio wazi, kwa kupambanisha giza na mwanga, na kwa rangi zilizotandazwa bila vivuli vingi. Mafunzo hayo yanaonekana wazi katika karata zake. Mama yake alifariki mwaka 1896. Yeye mwenyewe aliacha chuo mwaka 1897 bila kuhitimu, na mwaka 1899 baba yake naye akafariki. Akiwa na miaka 21 hakuwa na baba wala mama.

Jukwaa, vitabu na maonyesho

Smith alirudi London akapokewa na watu wa ukumbi wa Lyceum, akiwemo mwigizaji maarufu Ellen Terry, bintiye Edith Craig, mwigizaji Henry Irving, na Bram Stoker aliyekuwa meneja wa ukumbi huo na mtunzi wa Dracula. Alisafiri na kundi hilo na kushughulika na mavazi na mapambo ya jukwaa. Alipenda jukwaa tangu ujana wake, wakati alipotengeneza michezo midogo ya kuonyeshwa kwa watu wa karatasi.

Mwaka 1899 alitoa kitabu chake Annancy Stories, na mwaka 1905 kikafuata Chim-Chim, vyote vikiwa na hadithi za Jamaika pamoja na michoro yake. Alizisimulia pia mbele ya watu katika nyumba za London, akiwa amevaa mavazi ya rangi kali na kusema kwa lafudhi ya kisiwa. Mwaka 1903 alianzisha jarida dogo, The Green Sheaf, ambalo picha zake zilipakwa rangi kwa mkono. Lilidumu kwa matoleo 13 tu. Alifahamiana na mshairi William Butler Yeats, na mwaka 1901 alijiunga na chama cha siri cha Golden Dawn, ambamo Yeats alikuwa mwanachama. Hapo ndipo alipokutana na Arthur Edward Waite, mwandishi wa vitabu vya mambo ya fumbo.

Alikuwa pia na kipaji kisicho cha kawaida: aliposikia muziki aliona maumbo, naye aliyachora palepale wakati wapigaji wakiendelea kupiga. Januari 1907 Alfred Stieglitz, mpiga picha mashuhuri wa New York, alionyesha michoro yake katika ukumbi wake mdogo ambao mpaka wakati huo ulikuwa umeonyesha picha za kamera tu. Kwa hiyo Smith aliingia hapo kabla ya Matisse na Picasso, jambo linalosahauliwa mara nyingi katika historia ya sanaa ya kisasa.

Kazi ya mwaka 1909

Ili kuielewa kazi hii ni lazima kujua kidogo kuhusu tarot. Karata hizi zilianza kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, na kwa muda mrefu zilikuwa za kuchezea tu. Matumizi ya kupigia ramli yalienea baadaye sana, hasa kutoka Ufaransa katika karne ya 18. Seti ina karata 78. Kati ya hizo 22 ni turufu zenye picha kama Mpumbavu, Mwezi, Jua na Kifo. Zinazobaki 56 zimegawanyika katika aina nne: vikombe, fimbo, panga na sarafu.

Hapa Kiswahili kina jambo la kupendeza. Mchezaji wa karata wa pwani anaposema kopa, pao, shupaza na uru anatumia maneno ya Kireno yenye maana ya vikombe, fimbo, panga na dhahabu. Alama zilizochorwa kwenye karata zetu za kawaida ni za Kifaransa, lakini majina yamebaki yale ya karata za zamani za kusini mwa Ulaya, na aina zake ni zilezile za tarot. Hata neno turufu limetoka kwa Wareno, nalo ni ndugu wa neno la Kiitaliano lililotumika kuitia karata hizi zilipoanza.

Waite alitaka seti mpya yenye maana za fumbo kama alivyozielewa yeye, akampa Smith kazi hiyo. Kazi ilikamilika katika miezi ya mwaka 1909, Smith akiwa na miaka 31. Mwezi Novemba alimwandikia Stieglitz kumjulisha kwamba amemaliza kazi kubwa kwa fedha kidogo sana. Alilipwa mara moja, wala hakupata sehemu ya mauzo yaliyofuata.

Jambo jipya lilikuwa katika karata ndogo. Katika seti nyingi za kabla yake, karata ya panga tatu ilionyesha panga tatu na basi, kama karata zetu za kawaida zinavyoonyesha kopa tatu. Smith aliipa kila karata kisa. Panga tatu zimechoma moyo huku mvua ikinyesha. Katika fimbo kumi mtu ameinama chini ya mzigo alioukumbatia. Katika panga sita mvushaji anasukuma mashua iliyombeba mwanamke aliyejitanda nguo na mtoto. Baadhi ya mawazo hayo aliyapata katika seti ya kale ya Italia iitwayo Sola Busca, ambayo picha zake zilifika katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mwaka 1907. Moyo uliochomwa umo humo. Lakini sehemu kubwa ni zake. Waite alitoa maelekezo mengi zaidi kwa zile turufu 22, na watafiti wengi wanakubaliana kwamba karata ndogo alimwachia Smith. Ukizitazama utaona mkono wa mtu wa jukwaa: katika kadhaa kati yake wahusika wamesimama juu ya sakafu tambarare, na bahari au mji nyuma yao unafanana na pazia lililochorwa.

Kwenye kona ya chini ya karata aliweka alama yake, yaani herufi P, C na S zilizosokotwa kama nyoka kwenye mti. Alama hiyo inafaa kukumbukwa tunapofika kwenye matoleo.

Maisha ya baadaye na kifo

Umaarufu haukumfikia. Mwaka 1911 alijiunga na Kanisa Katoliki. Mwaka huohuo alichora picha za riwaya ya mwisho ya Stoker, na mwaka 1913 zile za kitabu cha Ellen Terry kuhusu ngoma ya Kirusi. Alichorea pia wanawake waliodai haki ya kupiga kura. Baada ya hapo maagizo yalipungua. Kufuatia Vita Kuu ya Kwanza alipata urithi kutoka kwa mjomba, akachukua nyumba katika rasi ya Lizard, Cornwall, na kuifanya mahali pa mapumziko kwa mapadri. Hakutajirika nayo. Miaka ya mwisho aliishi Bude, mji mdogo wa pwani katika mkoa huohuo, pamoja na rafiki yake Nora Lake.

Alifariki huko tarehe 18 Septemba 1951. Alikuwa ameandika wosia kumwachia rafiki yake mali yote, lakini vitu vyake, pamoja na michoro, viliuzwa kwa mnada ili kulipa madeni. Kaburi lake halina alama.

Matoleo na saizi za karata zake

Toleo la Desemba 1909 lilikuwa la nakala chache, na mgongo wa karata ulipambwa kwa mawaridi na mayungiyungi. Machi 1910 likafuata toleo kubwa zaidi kwenye karatasi bora, lenye mgongo unaofanana na tope lililokauka na kupasuka. Wakusanyaji huliita A, na lilichapwa hadi mwaka 1920. Rider iliendelea kuchapa hadi 1939, na yale ya baadaye yanaitwa B, C na D. Yakiwekwa sambamba, hasa karata ya Jua, huonekana kwamba mistari si ileile: uso wa Jua umebadilika na unene wa mistari unatofautiana. Karata zilipochorwa upya kwa ajili ya mashine, mkono wa fundi uliingia juu ya mkono wa Smith.

Nchini Marekani, de Laurence wa Chicago alitoa kitabu cha Waite pamoja na picha hizo mwaka 1918 bila ruhusa, chini ya jina lake mwenyewe. Toleo lililoenea kuliko yote ni la kampuni ya U.S. Games Systems, kuanzia mwaka 1971, katika kisanduku cha njano. Rangi zake ni kali, anga ni ya buluu au njano iliyokolea, na mgongo una miraba ya buluu. Majina ya karata, ambayo Smith aliyaandika kwa mkono kama sehemu ya picha, yamewekwa kwa herufi za mashine. Watu wengi waliojifunza tarot kwa toleo hili hawakuwahi kuuona mwandiko wake.

Mwaka 1990 lilitoka toleo la Universal Waite, lililopakwa rangi upya kwa upole na Mary Hanson-Roberts. Picha zinapendeza, lakini vivuli laini vimeongezwa mahali ambapo Smith, mwanafunzi wa Dow, alitandaza rangi kavu. Mwaka 2009, miaka 100 tangu toleo la kwanza, kampuni hiyo ya Marekani ilitoa seti ya kumbukumbu iliyorudi kwenye mistari, mwandiko na rangi zilizofifia za mwanzo. Seti ya miaka 100 inaitwa Smith-Waite: jina la mchoraji limetangulia.

Saizi nayo inabadilisha kinachoonekana. Karata ya kawaida ina upana wa takriban milimita 70 na urefu wa milimita 120. Ni kubwa kuliko karata za kuchezea, na mtu mwenye mikono midogo hupata taabu kuzichanganya. Ndiyo sababu kuna saizi ya mfukoni na nyingine ndogo zaidi, ambazo ni rahisi kubeba. Ila kwa kuwa picha imezungukwa na ukingo mweupe, kinachopungua zaidi ni mchoro wenyewe. Katika zile ndogo sana konokono aliye chini ya karata ya sarafu tisa hubaki doa, na alama ya P, C na S haisomeki. Saizi kubwa hufaa darasani au kwa kutazamwa na kundi, nayo huonyesha kila mstari, ukiwemo ule ambao si wake iwapo toleo lililokuzwa ni lenye rangi na mistari iliyobadilishwa. Kwa mwanafunzi wa sanaa, toleo la miaka 100 katika saizi ya kawaida linafaa kuliko kubwa la rangi kali.

Katika nchi zinazolinda hakimiliki kwa miaka 70 baada ya kifo cha msanii, haki juu ya kazi ya Smith ziliisha mwishoni mwa 2021. Michoro ya asili ya mwaka 1909 haijapatikana, na matoleo yote ya sasa yanatokana na nakala zilizochapwa.