Sayyid Said: Dola Moja, Madaftari Mawili

Ukiwa Bawshar ukamtumia mama pesa Unguja kwa simu, kompyuta za pande mbili lazima zikubaliane: huku zimetoka, kule zimeingia. Mawasiliano yakikatika, kila upande unabaki na daftari lake, na hapo ndipo mgogoro unapoanza. Sayyid Said bin Sultan aliishi na tatizo hilo kabla ya simu.

Alizaliwa Samail mwaka 1791, akashika utawala 1806, kijana mdogo tu. Miaka ya 1830 akaipenda Unguja, akahamia huko, akahimiza mikarafuu. Maskati akamwachia mwanawe Thuwaini. Dola moja, makao mawili, na barua zinangoja pepo: kaskazi izilete Unguja, kusi izirudishe. Amri ya huku miezi inapita haijajulikana kule.

Mambo yakaenda hivyohivyo, maana mwenye neno la mwisho alikuwa mmoja. Pande mbili zikitofautiana, anaamua yeye. Ikibidi, anapanda merikebu kwenda mwenyewe, kama alivyokwenda Oman 1854.

Akirudi Unguja, tarehe 19 Oktoba 1856, alifariki baharini karibu na Shelisheli. Mwanawe Barghash, aliyekuwa naye, akafika na maiti, akajaribu kushika utawala kabla habari hazijaenea, akashindwa. Majid akatawala Unguja. Thuwaini, kule Maskati, naye akajiona mrithi wa yote. Baba mmoja, madaftari mawili, na hakuna tena wa kusema lipi la kweli. Mwaka 1859 Thuwaini akatuma merikebu za vita, Waingereza wakazirudisha. Mwaka 1861 Lord Canning, aliyetawala India, ndiye aliyekata shauri: dola igawanywe, Unguja iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka.

Mafundi wa kompyuta leo hawaachi mashine mbili peke yake. Wanaweka ya tatu, zinapiga kura, zilizo nyingi ndizo zinafuatwa; iliyokatika inanyamaza mpaka mawasiliano yarudi. Na kanuni hiyo inawekwa mapema, mambo yakiwa bado shwari.

Sayyid Said, Allah amrehemu, aliunganisha pwani mbili maisha yake yote. Lakini wanawe hawakuwa wamekubaliana juu ya siku ambayo yeye hayupo, kwa hiyo wa tatu akatoka nje. Na sisi je, wenye nyumba Bawshar na shamba Unguja, ndugu huku na kule? Hati inayofuatwa ni ipi, na neno la mwisho ni la nani? Tukubaliane wazee wangali hai.