Fahrenheit: Yatima Aliyevipatanisha Vipimo

Nyumbani kwangu nina kipimajoto cha kidijitali kinachoonyesha nambari mbili: moja ya joto la ndani, na nyingine ya joto la nje linalopimwa na kihisi kidogo nilichokitundika barazani. Juma lililopita binti yangu, mwanafunzi wa shule ya upili, alibonyeza kitufe cha ubavuni na 25 ikageuka 77. Aliruka kwa hofu. Nikamweleza kwamba joto halikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni lugha ya kulitajia, kutoka Celsius hadi Fahrenheit. Hapo akataka kujua Fahrenheit alikuwa nani.

Daniel Gabriel Fahrenheit alizaliwa mwaka wa 1686 katika mji wa Danzig, ambao leo ni Gdańsk nchini Poland. Mwaka wa 1701, akiwa na umri wa miaka 15, wazazi wake wote wawili walifariki siku moja baada ya kula uyoga wenye sumu. Walezi wake walimpeleka Amsterdam akajifunze biashara. Hata hivyo, moyo wa kijana huyo ulikwisha kutekwa na ala za sayansi. Akaitoroka biashara, akawa msafiri wa kuzuru mafundi na wataalamu. Mwaka wa 1708 alifika Copenhagen kwa mwanafalaki Ole Rømer, aliyekuwa na mizani yake mwenyewe ya kupimia joto.

Enzi hizo vipimajoto vilikuwepo, ila kila fundi alijigawia nyuzi alivyopenda. Ukiviweka viwili katika chumba kimoja, aghalabu vilipingana. Mwaka wa 1714 Fahrenheit aliunda viwili vilivyosoma sawasawa, jambo lililomstaajabisha Profesa Christian Wolff wa Halle. Baadaye aliishi Amsterdam akifua vioo kwa mikono yake, akitumia zebaki badala ya pombe, na kufundisha kemia. Mwaka wa 1724 aliieleza mizani yake: 0 kwa mchanganyiko wa barafu, maji na chumvi, 32 kwa maji yenye barafu, 96 kwa joto la mwili wa mtu mwenye afya. Mwaka huo huo Jumuiya ya Kifalme ya London ilimfanya mwanachama. Alifariki mjini The Hague mwaka wa 1736, akiwa na umri wa miaka 50. Wamarekani wangali wanalitaja jina lake kila siku.

Waama, umaarufu wake haukutokana na kupima joto, bali kuhakikisha kwamba kipimo hiki hakimkanushi kile. Hapo ndipo penye kasoro yetu shuleni. Mwanafunzi huweza kuigeuza 77 kuwa 25 daftarini bila kosa, lakini hajawahi kuuliza iwapo chombo chenyewe kinasema kweli.

Jioni ile tulikiingiza kihisi cha nje sebuleni, tukakiweka kando ya chombo chenyewe kwa nusu saa. Vilitofautiana kwa nyuzi 2! Kumbe kwa miezi mingi nimekuwa nikiamini nambari nisizozichunguza. Binti yangu aliiandika tofauti hiyo, kisha tukakirudisha kihisi nje, safari hii mahali pasipofikiwa na jua.

Walimu wenzangu, tuwape wanafunzi vipimo viwili na ruhusa ya kuvitilia shaka. Elimu bila amali ni kama nta bila asali.