Big Daddy Lipscomb: Pandikizi la mtu lililoogopa sindano

Eugene Lipscomb alifariki Baltimore, Marekani, tarehe 10 Mei 1963, akiwa na umri wa miaka 31. Daktari aliyeichunguza maiti alisema ni heroini iliyozidi kiasi, yaani unga huu huu unaotumalizia vijana wetu kuanzia Lamu hadi Likoni. Tangu siku hiyo mtu huyu akitajwa, hutangulizwa kifo chake. Mimi leo naanza na kazi yake.

Mpira wa Wamarekani si huu wetu wa miguu. Uko karibu zaidi na raga, na kila upande huwa na watu 11. Lipscomb alikuwa mlinzi wa mstari wa mbele. Kazi yake ilikuwa kuwasukuma wale waliowekwa kumzuia, apenye, amwangushe mwenye mpira. Alikuwa na urefu wa futi 6 na inchi 6, na uzito wa kupita kilo 120. Zama zile mtu wa mwili huo aliwekwa katikati azibe njia kama gogo. Yeye alikimbia. Mpira ukipelekwa pembeni mwa uwanja, aliufuata huko huko. Mwenyewe aliieleza kazi yake kwa mzaha, kwamba huwakumbatia wote kisha akawachambua mmoja mmoja mpaka ampate mwenye mpira. Na akishamwangusha mtu, humpa mkono na kumwinua.

Alizaliwa Alabama, akakulia Detroit. Alikuwa na miaka 11 mamake alipouawa kwa kisu kituoni akingojea basi, akalelewa na babu yake. Chuo kikuu hakukiona, na wachezaji wa ligi ile karibu wote walitoka vyuoni. Yeye alitokea jeshini, kwa wanamaji, akaingia Los Angeles Rams mwaka 1953. Rams walipomwacha mwaka 1956, Baltimore Colts walimchukua kwa dola 100 tu.

Jina la Big Daddy lilitokana na udhaifu wake wa kutoshika majina ya watu. Kila mtu alimwita baba mdogo, basi nao wakamwita baba mkubwa. (Kwetu hapo ungeanza kuuliza ni upande wa nani.)

Tarehe 28 Desemba 1958 Colts walicheza fainali na New York Giants katika uwanja wa Yankee. Mechi ikielekea ukingoni Giants walikuwa mbele 17 kwa 14, na walihitaji kusogea kidogo tu ili wabaki na mpira. Gino Marchetti wa Colts akamkamata Frank Gifford, na Lipscomb akaja kwa kishindo akawaangukia wote wawili. Gifford hakufika. Mguu uliovunjika ulikuwa wa Marchetti, mwenzake mwenyewe! Giants wakalazimika kuuachia mpira, Colts wakasawazisha zikiwa zimebaki sekunde chache, kisha wakashinda 23 kwa 17 katika muda wa ziada. Ilikuwa fainali ya kwanza ya ligi hiyo kumalizwa hivyo. Marchetti alikataa kuingizwa ndani, akawa anatazama akiwa juu ya machela kando ya uwanja mpaka muda wa ziada ulipoanza.

Mwaka 1959 walitwaa ubingwa tena. Mwaka 1961 Lipscomb akahamia Pittsburgh Steelers, na Januari 1963, katika mechi ya mastaa wa ligi, alichaguliwa mchezaji bora wa mstari wa mbele. Hakumaliza miezi minne.

Malaika hakuwa. Pombe alikunywa sana, na ndoa zake zilivunjika. Alikiri kwamba sehemu kubwa ya maisha yake aliishi kwa hofu, na usiku hulia mpaka usingizi umchukue. Lakini waliomjua walisema mtu huyu aliogopa sindano, hata ya daktari wa timu. Tena alikuwa mtu wa mkono wa kulia, na alama za sindano zilikutwa mkono huo huo wa kulia. Yaweza kuwa daktari alisema kweli. Lakini nani alimletea unga, na nani alishika sindano?

Pwani twayajua haya. Kijana akikutwa amekufa na bomba la sindano kando yake, barazani husemwa neno moja, teja, na maswali huishia hapo. Aliyemuuzia huja kuzika, akasimama safu ya mbele, na hakuna amtazamaye mara mbili. Akiwa marehemu alikuwa fundi hodari au mlinda lango wa mtaa, hilo nalo huzikwa pamoja naye.

Maelfu walipanga foleni Baltimore kumuaga Lipscomb, kisha akazikwa Detroit. Septemba mwaka huo huo, 1963, jumba la kumbukumbu la magwiji wa mchezo huo lilifunguliwa Canton, Ohio. Aliyevunjwa mguu, Marchetti, aliingizwa humo. Art Donovan, jirani yake kwenye mstari, aliingizwa, na Johnny Unitas aliyeongoza mashambulizi, na kocha wao Weeb Ewbank. Lipscomb hayumo.